Utepe unaoishi kuliko nguo: shajara ya mradi wa langkit

Kabla ya wiki ya kwanza

Mimi ni mtu wa Pemba, nimekulia kwenye ukili, ule utepe wa kusuka unaoshonwa mikeka. Bibi yangu alikuwa akisuka huku anazungumza na huku anaangalia chungu jikoni, na ukili unashuka tu mapajani mwake kama vile haumhusu. Ukishatosha, anachukua sindano na kuushona ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unatoka. Ndiyo maana siku nilipoonyeshwa langkit, tepe zinazofumwa na Wamaranao, kwa mara ya kwanza, hapa Mindanao, kusini mwa Ufilipino, nilisema moyoni: hawa nao wana ukili wao, ila wa hariri.

Kwa asiyeijua: Wamaranao ni Waislamu wanaoishi kulizunguka Ziwa Lanao, na jina lao lenyewe linatokana na neno ranao, yaani ziwa. Mji wao mkuu ni Marawi, ulioko juu kwenye baridi, kiasi cha mita 700 kutoka usawa wa bahari. Vazi lao ni malong, kitambaa kipana kilichoshonwa kikawa kama bomba. Unaingia ndani yake, unakunja kifuani au kiunoni, basi. Kazi zake ukizihesabu utaikumbuka kanga: sketi, shuka la kulalia, bembea ya mtoto, begi la safari. Malong ya heshima, ile ya harusi na ya watu wakubwa, huitwa landap. Vipande vyake vya rangi moja huunganishwa kwa tepe zilizofumwa kwa mkono, na tepe hizo ndizo langkit. Ule mwembamba unaolala kuzunguka mwili ni tobiran. Ule mpana unaosimama wima na kufunga bomba ni lakban.

Siku hizi landap nyingi sokoni zina langkit ya cherehani, tarizi tupu. Ukiziona kwa mbali huwezi kujua. Wanaofuma kwa mkono wapo, lakini wengi ni watu wazima, na vijana waliokaa chini wakajifunza ni wa kuhesabu.

Nakaa Iligan, chini pwani, si mbali na Marawi. Mradi wetu ni mdogo na hauna hata jina: bibi mmoja mfumaji, mjukuu wake, msichana jirani wa mjukuu, na mimi mwandishi wa hesabu. Tumejiwekea jambo moja, kutengeneza utepe mmoja ulioharibika. Wasichana wajifunze humo humo, na mimi niandike kila kitu.

Wiki ya 1

Tumwite Babo, kama wanavyomwita wote. Babo kwa Kimaranao ni shangazi au mama mdogo. Wiki nzima sikio langu lilisikia "babu" na nikawa nabana kicheko kila nikimwamkia, maana ni bibi hasa, mwenye mtandio na miwani iliyofungwa uzi.

Ametoa malong yake ya landap kutoka kwenye mfuko wa mchele. Mei 23, 2017, vita vilipoanza ndani ya Marawi, aliitandaza sakafuni, akatupia hati za nyumba, msahafu, mchele kidogo na nguo za wajukuu, akafunga mafundo, akaibeba kichwani. Vita vilikwenda miezi mitano, hadi Oktoba 23. Mtaa wake ulikuwa ndani ya eneo lililobomolewa. Vyombo vyake vya kufumia vilibaki humo, na kasha la nguo nalo. Kwa hiyo kilichosalia ni hiki kilichogeuzwa begi.

Panya wa nyumba waliyohamia ndio waliomalizia. Wamekula kona ya chini, pale lakban inapoishia.

Nimepima. Tobiran zote mbili zina upana wa sentimita 6 na ni nzima. Lakban ina upana wa sentimita 17, na imekosa sentimita 23 za chini. Hariri ya zambarau imeoza, ukiivuta kidogo inaachia kama ngozi ya kitunguu. Lakini tepe zenyewe ni ngumu, zimeshiba, na rangi iko pale pale. Babo hakushangaa. Anasema tepe hizi zimeshawahi kukaa kwenye malong nyingine kabla ya hii. Kitambaa kikichakaa, langkit inafumuliwa na kushonwa kwenye kipya. Nimeandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na kulipigia mstari, bila kujua bado nitalitumia wapi.

Wiki ya 2

Kosa langu la kwanza, na ni kubwa.

Nilikwenda na karatasi ya miraba. Usiku nilikuwa nimechora okir, ile nakshi yao maarufu ya majani na vikonyo, nikiiga picha za panolong, mbao zilizochongwa zinazochomoza mbele ya torogan, nyumba za zamani za masultani. Nilichora pako rabong, kikonyo cha jimbi, yaani kangaga, kinachojikunja kikipanda juu, na nikajiona fundi. Babo akaishika karatasi, akaigeuza juu chini, akamwambia mjukuu maneno mawili. Mjukuu akatafsiri kwa adabu: "Anasema hii ni ya mbao."

Kumbe wana okir a dato, ya wanaume, inayotiririka na kupinda, ndiyo ya kuchongwa. Na okir a bay, ya wanawake, yenye pembe na mistari. Patasi inaweza kupinda itakavyo. Uzi hauwezi, unakwenda kulia na kushoto tu. Jani kwenye langkit ni ngazi: panda nyuzi mbili, sogea moja, panda mbili, sogea moja, kisha shuka. Ukisimama mbali ndipo unaona jimbi.

Nikang'ang'ania karatasi hata hivyo, nikachora upya kwa ngazi. Jirani akafuma kipande cha majaribio kwa kufuata miraba yangu, na jimbi likatoka limelala chali, limebonyea kama lililokanyagwa. Ilinichukua siku mbili kuelewa. Kwenye utepe wa Babo, katika sentimita moja kuna nyuzi 10 za mtande, zile za urefu, lakini mshindio, uzi unaozivuka, unashindiliwa mpaka sentimita hiyo hiyo inabeba nyuzi 20. Mraba wa karatasi una pande sawa, wa kitambaa hauna. Nimepiga mistari karatasi yangu mwenyewe, vyumba vipana na vifupi, mara mbili upana kuliko urefu. Sasa mchoro na kitambaa vinasema kitu kimoja.

Babo haitumii karatasi hiyo na hataitumia. Ni kwa ajili yetu.

Wiki ya 3 na ya 4

Kutanda nyuzi, kutandua, kutanda tena. Hakuna la kusimulia ila magoti.

Chombo chenyewe ni vijiti, si kitanda cha kufumia kama anavyokifikiria mtu. Mwisho mmoja wa mtande umefungwa kwenye nguzo ya nyumba, mwisho wa pili uko kwenye mkanda unaopita nyuma ya kiuno cha mfumaji, naye amekaa sakafuni na miguu mbele. Mwili wake ndio unaokaza. Akiegemea nyuma, nyuzi zinanyooka. Akiinama, zinalegea ili apitishe mshindio. Jirani ni mcheshi, na kila akicheka utepe unapata wimbi. Ukiangalia kazi yake ya wiki hii unaweza kujua alicheka lini.

Tatizo la maana lilikuwa kingo. Utepe ulianza na sentimita 6, baada ya kiganja kimoja ukawa 5 na nukta mbili. Uzi wa mshindio ukipitishwa umenyooka, ukishindiliwa unavuta kingo ndani. Babo hakueleza. Alichukua uzi, akaupitisha, akaubonyeza katikati kwa kidole ukafanya kilima kidogo, kisha akashindilia kwa upanga wake wa mbao. Kilima kikazama na kingo hazikusogea. Nimemwomba arudie mara nne ili nione. Mara ya nne alinitazama kama ninavyomtazama mtoto anayeuliza mara ya nne.

Wiki ya 6

Nilikuwa nikidhani ngazi za okir ya kike ni upungufu, kwamba wangeweza wangepinda. Leo nimeelewa ngazi ni za nini.

Langkit haina uzi mmoja unaovuka kutoka ukingo hadi ukingo. Kila rangi ina kijiti chake kidogo chenye uzi, inafika mpaka wake inarudi. Njano inarudi, nyekundu inarudi, hazishikani. Rangi mbili zikipakana kwa mstari wima mrefu, kati yao unabaki mwanya, na kidole kinapita. Msichana wetu mmoja alifuma mstari mnyoofu wa kupendeza wa sentimita 3 na utepe ukafunguka kama tundu la kifungo. Ukisogeza mpaka kila baada ya nyuzi mbili, kama anavyofanya Babo, mwanya haupati nafasi ya kuwa mrefu. Ngazi ndiyo inayoshikilia nguo. Pambo limekuja juu yake.

Nimeirudia mara tatu kwenye simu kumwelezea dada yangu Wete, na mara ya tatu akaniuliza kama nimekula.

Wiki ya 7

Hasara. Nyekundu imechuja.

Nyuzi tulizinunua dukani Iligan, muuzaji akatuapia hazichuji. Tulikuwa na sentimita 40 za tobiran, kazi ya kwanza ya mjukuu inayotazamika, njano na nyekundu na kijani. Tukaiosha kwa sabuni laini kuondoa jasho la mikono. Ilipotoka majini, njano yote ilikuwa rangi ya mchuzi wa pweza. Mtoto hakulia, alikwenda kukaa nje.

Na njano si rangi ya kuchezewa hapa. Ndiyo ya ufalme, watu huisoma. Wamaranao wana neno maratabat, nami sikuhitaji mkalimani: ni hiyo hiyo martaba yetu, imesafiri njia nyingine kutoka Uarabuni. Ila kwao ina uzito kuliko cheo tu, ni heshima ya ukoo mzima, na mavazi ya harusini ni sehemu yake. Njano iliyochafuka kiunoni mwa bibi harusi inazungumziwa.

Utaratibu mpya: kila uzi mwekundu na wa zambarau unaloweshwa kwanza kabla ya kukaribia mtande. Maji ya uvuguvugu, chumvi, usiku kucha, kisha kusuuza mpaka maji yawe meupe. Halafu unaubana kwenye kitambaa cheupe kibichi na kukitazama kikikauka.

Jaribio la pembeni: nilitia hariri rangi kwa manjano halisi, mzizi uliosagwa, kwa kuwa kwetu rangi imechukua jina lake humo na hapa mzizi huo haukosekani jikoni. Ilitoka njano ya kumwimbia mtu. Nikaitundika dirishani. Naiandikia tarehe, tuone jua litasemaje.

Wiki ya 9

Jua limesema. Upande wa dirishani umebaki kama chai ya maziwa. Manjano tumeyarudisha kwenye mchele.

Wiki hii nimefanya hesabu niliyokuwa naikwepa. Malong ya Babo ikilazwa ina upana wa sentimita 165, kwa hiyo mzunguko wake ni 330. Tobiran moja inataka mita 3 na sentimita 30, na ziko mbili. Babo, macho yakiwa mazuri, anafuma sentimita 7 za tobiran kwa siku: siku 94 kwa zote mbili. Lakban ni pana na ina rangi nyingi, sentimita 2 kwa siku, na urefu wake ni sentimita 165: siku 82 zaidi. Jumla ni 176, bila Ijumaa, bila homa, bila mgeni. Fundi wa tarizi anamaliza malong nzima kabla wiki haijaisha.

Nilikwenda kumwona fundi mmoja wa cherehani nikiwa nimejiandaa kumchukia. Ni mama wa watoto watano, naye alipoteza nyumba. Alijifunza tarizi baada ya kuhama kwa sababu mteja hasubiri miezi sita. Alinionyesha anavyopanga rangi, na ngazi zile zile zimo, anazitarizi hata kama cherehani yake haizihitaji. Nikanunua kipande, nikanywa kahawa yake, nikaondoka bila hotuba.

Watu wananishauri tufume vijaluba vya simu na pochi zenye picha ya sarimanok, yule ndege wao mwenye samaki mdomoni. Vitauzika, sikatai. Lakini msichana atakayefuma ndege mmoja wa pochi miaka miwili hatajua kutanda mtande wa mita 3, wala jimbi linageukia wapi likifika ukingoni. Atakuwa fundi wa pochi.

Ndipo nikarudi kwenye ule mstari niliopigia wiki ya kwanza. Langkit huhama kutoka nguo hadi nguo. Basi kwa nini tuuze nguo? Tuuze utepe. Familia inunue tobiran moja mwaka huu, iishone kwenye malong yoyote waliyonayo, mwaka kesho ya pili, lakban ije mtoto anapoposwa. Nilimweleza Babo kwa msisimko mkubwa. Akasema ndivyo mama yake alivyokuwa akiuza. Miezi miwili hii ningeuliza.

Ramadhani

Vijiti vimekunjwa na kuwekwa juu ya kabati. Kiuno chenye mkanda na tumbo lenye njaa haviendi pamoja, amesema Babo. Nimejifunza kusaga palapa badala yake: sakurab, kile kitunguu chao chembamba cheupe, na tangawizi na pilipili. Nimelia kuliko msimu wote wa kufuma.

Wiki ya 15

Kipande cha sentimita 23 kimeanza. Nyuzi 170 za mtande, vijiti 31 vya rangi vikining'inia kwa wakati mmoja. Anafuma mjukuu. Babo haoni tena nyekundu ikipakana na zambarau jioni, kwa hiyo anakaa upande wa pili wa utepe, anapitisha dole gumba chini, kwenye upande wa nyuma ambako nyuzi zinageukia, na macho ameyafumba. Kila baada ya muda dole linasimama. Hasemi kitu. Linasimama tu hapo hapo, na mjukuu anaanza kufumua mpaka linapokubali kuendelea.

Jumatatu alifumua kazi ya siku mbili. Mimi niliona jani zuri. Nilipolitazama kwenye karatasi yangu ya vyumba vipana nikaona limezidi ngazi moja upande wa kushoto, na lingefika ukingoni limekatwa ncha.

Wiki ya 20

Sentimita 23 zimekamilika, pamoja na shada la nyuzi mwishoni. Siku 26. Babo angetumia 12, naye amelisema hilo mara moja tu.

Kipande hakikuweza kuungwa kwenye mtande wa zamani, kimeshonwa. Nilitaka mshono ufichwe, nikapendekeza kitambaa cha kuzibia nyuma. Babo akakataa: kitafanya utepe uwe mgumu hapo na malong haitaanguka vizuri mguuni. Alishona mwenyewe, kwa kupapasa, sindano inaingia kwenye tundu lile lile ilikotoka. Mshono unaonekana. Kijani kipya kimekizidi kile cha zamani kidogo, kimekuwa cha majani baada ya mvua.

Tumezifumua tepe zote tatu kutoka kwenye hariri iliyooza na kuzishona kwenye satini ya zambarau. Hariri hatukuimudu. Babo ameisugua satini kati ya vidole, akatoa mlio wa ulimi ambao Pemba na Lanao unamaanisha kitu kimoja, kisha akaingia ndani yake, akakunja kiunoni na kwenda kuchemsha maji.

Binamu wa jirani anaolewa mwisho wa mwaka. Mama yake amekuja kuona, ameigusa lakban kwa muda mrefu, ameuliza bei, amekwenda, amerudi siku ya tatu. Ameagiza tobiran moja, mita 3 na sentimita 30, njano na nyekundu, alipe kwa mafungu matatu. Atafuma jirani, yule mcheshi. Mtande tumeshautanda.

Uzi mwekundu uko kwenye ndoo tangu jana. Nimesuuza mara tatu, maji bado yana rangi ya waridi. Hatuanzi leo.